Uyoga Niliomsingizia Mama

Nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na kitu, na madawati tuliyopewa yalikuwa ya watoto wa darasa la kwanza. Ukikaa, magoti yanapanda mpaka yanapita masikio, na ukitaka kuandika inabidi upitishe mkono katikati ya miguu kama mtu anayekamua ng'ombe. Tulikuwa makuli wa reli, wauza dagaa wa omena, wapishi wa watu, na mlinzi mmoja aliyekuja na rungu lake akaliweka pale ambapo watoto huweka rula. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara inayoteremka kutoka Obunga, na miaka hiyo ya themanini ikielekea ukingoni, nisikudanganye, hakukuwa na tairi Kisumu nzima ambalo halijapita mikononi mwangu. Haya, labda nusu ya Kisumu.

Dawati langu nililikalia pamoja na mama mmoja muuza uyoga. Alikuwa mjane, mtu wa upande wa magharibi, ng'ambo ya Maseno, na alifika mjini na watoto wawili na kikapu. Alikaa kwenye njia panda hatua chache kutoka kibandani kwangu, na biashara yake aliiendesha kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila asubuhi, kabla hajauza hata konzi moja, aliwasha jiko, akachota uyoga kutoka kikapu kile kile, akaupika na chumvi tu, akaula mbele ya watu waliopita. Mnunuzi akiwa na shaka, alimwambia achague mwenyewe kikapuni, na ule uliochaguliwa ndio aliopika na kuula.

"Mimi nakulanga kwanza," alikuwa akisema. "Hii ya leo nimekula ukiona. Ile ya jana, si unaniona nimekaa hapa?"

Uyoga wake ulikuwa wa vichuguu peke yake. Wa chini ya miti hakuugusa, wa kwenye magogo hakuugusa, na wa kwenye mavi ya ng'ombe hakutaka hata kuutazama. Muuza nyanya akiuza moja iliyooza atatukanwa, na kesho yake atarudi kuuza. Muuza uyoga akikosea mara moja, amekwisha. Mama yule hakuwa na shamba mjini wala ndugu wala mume. Alichokuwa nacho ni watu kuuamini mkono wake, na juu ya hilo ndipo chakula cha watoto wake kilipokaa.

Darasani alikuwa mbele yetu wote. Alitaka kusoma kwa sababu kikundi cha akina mama kanisani kwake kilikuwa na katibu mwenye madharau, na yeye alikuwa ameapa kuuchukua ule ukatibu kabla hajafa. "Akisoma kumbukumbu anatuangalia kama kuku," aliniambia. "Fundi, ngoja nimalize hapa. Nitamsomea mpaka alale."

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyefundisha watoto mchana na sisi jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka giza lianze kuingia. Mke wake alikuwa nyumbani kwao kijijini. Yeye aliishi katika chumba nyuma ya shule, akijipikia kwa stovu ya mafuta taa, na kama kuna kitu alichokipenda kuliko chaki ni uyoga. Lakini alikuwa mwoga. Alikula wa mama tu. Mtu mwingine akimletea alishukuru kwa adabu, kisha akautupa nyuma ya choo.

Mwaka ule tulikuwa tunakaribia mtihani, na mwalimu alikuwa amenikatalia kuniandikisha. Shida ilikuwa insha. Tuliambiwa tuandike juu ya siku moja ya kazi, nami nikaandika kwamba nilitengeneza ndege iliyoanguka ziwani nikatumia spoku za baiskeli. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wote wakacheka mpaka mlinzi akaangusha rungu, kisha akanirudishia karatasi.

"Fundi, hii ni porojo. Insha ni mambo yaliyotokea."

"Yangeweza kutokea, mwalimu."

"Basi mtihani pia ungeweza kuufanya. Mwaka ujao."

Iliniuma. Nikaanza kufikiria jinsi ya kumlainisha.

Wiki ile nilikwenda Ahero kumwona shangazi yangu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na wale wanaoijua tambarare ya Kano wanajua mvua ya siku tatu inafanya nini pale. Mpunga ulikuwa umezama, na kamongo, wale samaki wa matopeni, walikuwa wanavuka barabara kuu bila kuangalia kushoto wala kulia. Siku ya nne jua likatoka, na pale palipoinuka kidogo, ng'ombe wa shangazi walipokuwa wamekusanywa kukimbia maji, juu ya mavi yao palikuwa pameota uyoga. Ulikuwa na rangi ya mandazi yaliyoiva vizuri, na vijiti vyake vyeupe vilikuwa vimevaa kama kola shingoni. Mimi ni mtoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilikulia mjini, na kwangu uyoga ulikuwa uyoga. Nikajaza mfuko.

Shangazi aliniona, akauliza kwa Dholuo kama nimerukwa na akili. "Hiyo watu hawali," akasema.

"Huku hamli. Mjini tunakula kila kitu, shangazi."

Nilipobonyeza kijiti kimoja kwa kidole gumba, kikageuka buluu kama kimeguswa na wino. Nikafikiri ni grisi ya mikono yangu.

Kesho yake mchana nilimpelekea mwalimu. Alifungua mfuko, akanusa, akanitazama.

"Umetoa wapi?"

"Kwa mama," nikasema. "Ameuleta asubuhi hii. Kichuguu chenyewe, mwalimu, ni kikubwa kama kanisa."

Alitabasamu, akashukuru, akaupeleka ndani. Sijui kama nilisita. Ningependa kuandika kwamba nilisita. Wiki ile mama hakuwa amekuja darasani, paa lake lilikuwa linavuja, na kwenye kikapu chake alikuwa na uyoga mkavu tu kwa sababu mvua ilikuwa imewazuia watu waliomletea kufika kwenye vichuguu. Hayo yote niliyajua, kwa kuwa nilipita mbele yake kila asubuhi.

Jioni ile mwalimu aliingia darasani kwa wakati wake. Aliandika tarehe ubaoni. Akaanza kuandika sentensi, akasimama katikati ya neno, akaitazama chaki. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka mlinzi akakohoa.

"Ni nyeupe sana," mwalimu akasema. "Mmeona jinsi ilivyo nyeupe?"

Tukasema tumeona. Akacheka, na kicheko kikaendelea. Alisema herufi zinapumua. Alisema konsonanti zote zimesimama na irabu zimekaa chini, tuzipe viti. Sisi tukacheka pia, maana mwalimu huyu hakuwahi kutuchekesha hata siku moja. Kisha akaketi sakafuni, akaangalia mikono yake mbele na nyuma, akaanza kulia polepole, na hapo kicheko chetu kikakatika. Macho yake yalikuwa meusi yote, mboni zimejaa. Jasho lilimtoka. Mmoja wa wapishi alimshika kifundo cha mkono akasema moyo unakwenda kama cherehani.

"Nimekufa?" mwalimu akamwuliza. "Niambie tu ukweli. Nimekufa saa ngapi?"

Kabla hatujajua la kufanya, aliinuka akatoka mbio. Barabarani lilikuwa linapita trekta la miwa na matela mawili. Mwenye trekta alikata kona, mwalimu akaanguka kwenye mtaro, akavunjika mkono. Hayo ndiyo yaliyotokea, na ningeyaacha hivyo hivyo tangu mwanzo leo nisingekuwa na cha kuandika.

Tulimpeleka zahanati tukiwa watu sita. Daktari aliyekuwa zamu, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza mara moja amekula nini. Mwalimu mwenyewe akajibu: uyoga na ugali, umetoka kwa mama, fundi ameniletea. Alisema hivyo kwa upole, kama mtoto anayesema sala.

Daktari alimfunga mkono, akamlaza kwenye chumba chenye mwanga mdogo, akatutuma kuuleta uyoga uliobaki. Alipouona, akapumua.

"Huu hauui ini," alituambia. "Huu unashika kichwa. Baada ya saa sita hivi, utaisha. Mtu akae naye, azungumze naye pole pole, asimwache atoke nje. Hatari ya huu ni barabara, maji, na hofu yenyewe. Na kama kwao kuna mtu aliyewahi kuugua akili, unaweza kumwamshia kitu kisicholala tena."

Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Na mna bahati. Kuna mwingine mweupe, mzuri, mtamu. Ule hauchekeshi. Mtu anatapika, kesho yake anajisikia vizuri, anashukuru Mungu, na siku ya tatu au ya nne ini limekwisha. Anayeokota bila kujua hachagui ni upi ataupata."

Nilikaa na mwalimu mpaka alipotulia. Nilimshika mkono mzima. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia daktari uyoga ulikotoka, tena nilikuwa nimefungua mdomo, lakini wale wengine watano walikuwa wamesimama pale. Nikaufunga.

Jumamosi tukaitwa barazani, mbele ya ofisi ya naibu wa chifu. Alikuwa na mabenchi mawili, meza, na askari mmoja wa utawala aliyeleta daftari. Uyoga uliobaki ulikuwa juu ya gazeti, umekauka na kuwa mweusi-buluu. Mama alikuwa ameketi benchi la mbele na kikapu chake mapajani. Watu walijaa.

"Hii ni bangi?" naibu wa chifu aliuliza.

Askari akanusa. "Bangi sio, mzee."

"Ni chang'aa?"

"Chang'aa ni pombe, hailiwi na ugali, mzee."

Watu wakacheka. Naibu wa chifu hakucheka.

"Andika dawa ya kulevya."

"Nitaandika ya jina gani? Kwa kitabu kuna bangi. Uyoga sijaona."

"Basi sikilizeni," naibu wa chifu akasema. "Aliyeleta kitu hiki atalala ndani mpaka sheria yake ipatikane. Fundi. Simama. Ulitoa wapi?"

Nilisimama. Nilifikiria kibanda changu kimefungwa, nilifikiria seli, nilifikiria mtu anayefungwa mpaka sheria yake ipatikane, na sheria yenyewe inatafutwa Nairobi na watu wasio na haraka.

"Kwa mama," nikasema. "Mimi nilitumwa tu."

Mama aligeuka akanitazama. Nilitegemea apige kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Fundi, wiki hiyo nilikuwa na kavu. Hii ilikuwa mbichi." Kisha akamwomba naibu wa chifu auone karibu. Akainama juu ya gazeti bila kuugusa. "Mzee, hii ni ya mavi ya ng'ombe. Angalia hapa chini, mavi yenyewe imeshika. Mimi siuzangi hii. Sijawahi."

"Kwa hivyo fundi anadanganya?"

Mama alirudi kwenye benchi lake. "Fundi anajua," akasema.

Kama mtu mmoja angeuliza swali moja zaidi, ningeanguka. Hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na mwanamke aliyesema watu wa huko kwao wanajua dawa nyingi. Kulikuwa na mwingine aliyekumbuka kwamba mtoto wake aliwahi kuumwa tumbo. Naibu wa chifu hakupata kosa la kumwandikia mama, kwa hiyo hakumfunga. Alimwambia asiuze uyoga pale tena mpaka atakapoambiwa.

Aliuza hata hivyo, au alijaribu. Kwa wiki mbili alikaa pale pale, akawasha jiko kila asubuhi, akapika, akala mbele ya watu. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nikimwona kutoka kibandani, anakula peke yake uyoga aliotaka kuuza, kikapu kimejaa, saa nne, saa sita, saa nane. Darasani hakurudi. Wiki ya tatu njia panda ilikuwa tupu. Mpangaji mwenzake alisema amerudi kwao na watoto.

Mtihani niliufanya. Mwalimu aliniandikisha, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa, kwa sababu nilikaa naye usiku ule zahanati na alidhani mimi ni mtu mwema. Nilipita. Nina cheti. Mimi ni mhitimu.

Mwalimu alipona, lakini aliniambia baadaye kwamba kwa miezi mingi mvua ikianza kunyesha moyo wake ulikwenda mbio bila sababu. Kuhusu saa zile alisema kitu kimoja ambacho sikukielewa vizuri: mwanzo ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, aliona mikono ya marehemu mama yake ikipepeta mtama, na hicho ndicho kilichomtisha baadaye, kwa sababu mlango ule ule ulileta yote mawili. Kisha akahamishiwa shule ya upande wa Siaya.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Ningenyamaza, labda mambo yangesahaulika. Lakini mimi ni mtu wa hadithi, na fundi wa baiskeli ana wateja ambao hawana pa kwenda mpaka pancha izibwe. Nikaanza kusimulia. Mwezi wa kwanza mwalimu alipanda juu ya dawati. Mwezi wa tatu alipanda juu ya paa akawahubiria kunguru. Baada ya mwaka alikuwa ameona kiboko akitoka ziwani amevaa tai, na amelifukuza trekta la miwa mpaka Kondele, trekta likikimbia mbele. Watu walicheka mpaka wakashika nguzo za kibanda. Walikuja watu ambao baiskeli zao hazikuwa na ubovu wowote. Na katika kila hadithi, uyoga ulitoka kwa mama. Haikuwezekana kuubadilisha, hadithi ilikuwa imejengwa juu yake.

Miaka ikapita hivyo. Katikati ya miaka ya tisini, walikuja vijana watatu wa chuo kutoka Maseno. Walikuwa na baiskeli moja nzima kati yao, na hiyo haikuwa imeharibika.

"Mzee," mmoja akasema, "tumeskia we ndo unajua ile uyoga ya kuona mambo."

"Mimi najua pancha."

"Wacha hizo, mzee. Kiboko ya tai. Stori iko chuo nzima. Tuonyeshe tu place, tutaokota wenyewe. Si haramu, ni uyoga tu. Inajiotea."

Nikaanza kuwasimulia ili wacheke waende zao. Nilipofika kwenye baraza, yule mdogo kati yao, aliyekuwa hajasema kitu, akauliza, "Na huyo mama alifungwa?"

"Hapana. Aliondoka."

"Akaenda wapi?"

Kwa miaka yote ile, katika mamia ya watu, nasema mamia na safari hii ni mamia kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema sijui. Nikawaambia hakuna uyoga wala mahali pa kuuokota, waende wakasome. Waliondoka wakininung'unikia.

Mteja wangu mmoja alikuwa karani mahakamani. Alipokuja kubadilisha breki nilimwuliza uyoga una sheria gani. Alicheka, lakini baada ya wiki aliniletea nakala ya sheria mpya ya dawa za kulevya, akaniwekea kidole kwenye orodha ndefu nyuma.

"Hapa. Silosibini. Ndiyo iliyomo ndani ya uyoga wako."

"Hawajaandika uyoga."

"Wameandika kilichomo ndani. Ukikamatwa na uyoga na unajua ni wa nini, utamwambia hakimu ulishika kikombe lakini chai hukuishika? Na hii si miezi, fundi. Hii ni miaka."

"Na zamani? Kabla ya hii?"

Akafikiri. "Zamani walikuwa wanatafuta bangi na kasumba. Uyoga..." Akakunja karatasi zake. "Sijui wangekuandikia nini. Labda wangekuambia uende nyumbani. Kwa nini?"

Nikamwambia breki iko tayari.

Labda ningelala ndani usiku mmoja. Labda hata huo usingefika. Askari mwenyewe alikuwa amesema wazi, mbele ya watu wote, kwamba kitabuni hakuna uyoga, nami nilikuwa nimesimama pale nikasikia, nikamtoa mama kafara kwa kuogopa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiandika.

Nilikuwa najua tu kwamba kwao ni ng'ambo ya Maseno. Nikaanza kwenda Luanda siku za soko, kwa baiskeli, kupanda mlima ule wote na kushuka. Mara ya kwanza sikumwona. Mara ya pili sikumwona. Mara ya tatu nilimkuta ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi, amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Fundi. Mulembe."

"Mulembe, mama."

"Unataka ndizi?"

Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimeipanga hotuba njia nzima, yenye Biblia ndani yake, na yote ikapotea. Nikamwambia uyoga niliutoa Ahero kwenye mavi ya ng'ombe, kwamba shangazi alinikataza, kwamba nilimdanganya mwalimu kisha nikadanganya baraza kwa kuogopa seli. Alisikiliza akipanga ndizi.

"Hiyo mimi najua," akasema. "Nilijua siku ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema ilikuwa mbichi. Ungetaka niseme nini? Nikuite mwongo, mimi mgeni na wewe mtu wa hapo?" Akamhudumia mteja, akarudi kwangu. 

"Uyoga uliacha kuuza huku?" nikamwuliza, na sarufi yangu yote ya ngumbaru imenitoka.

"Habari inapanda gari, fundi. Ilifika kabla yangu. Mtu wa huku alikuwa na shemeji Kisumu. Nikijaribu kuuza, wananiuliza kama ni ile ya mwalimu." Akasema hivyo bila hasira, kama anayetaja bei. "Wanasema aliona kiboko."

Sikuweza kumtazama.

"Kiboko kimevaa tai," akasema. "Nani alisema hivyo?"

"Ni mimi."

Nikauliza kama alipata ule ukatibu. Akatikisa kichwa, akasema huku darasa la watu wazima lilikuwa mbali, na mguu ulikuwa unamsumbua. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Haya umeniambia mimi. Mimi si nilijua? Wale wa kule umewaambia?"

Nikasema bado.

"Ambia wale."

Nikarudi. Kwa mwalimu niliandika barua, ya kwanza maishani isiyo na chumvi, sikupata jibu na sijui kama ilimfikia. Naibu wa chifu alikuwa amestaafu. Walibaki wateja wangu, majirani, wale akina mama waliovuka barabara. Jumamosi moja asubuhi kibanda kilikuwa kimejaa. Nikaweka spana chini nikawaambia nina jambo. Nikaanzia Ahero. Nikawaambia juu ya shangazi, mfuko, kidole gumba, buluu. Walipoanza kutabasamu niliinua mkono nikasema, "Hapana, hii ni ya kweli." Hapo ndipo walipoangua kicheko.

"Omera," rafiki yangu mmoja muuza mitumba akasema akifuta machozi, "hii ndiyo bora kuliko zote. Eti shangazi alikukataza."

"Ni kweli. Mama hakuhusika. Nilimsingizia."

"Endelea, endelea. Na kiboko alikuwa wapi? Alikuwa shahidi?"

Nilisema tena. Niliapa. Kadiri nilivyoapa walizidi kushika mbavu, maana huko nyuma niliapa hivyo hivyo juu ya kunguru na juu ya trekta, tena kwa kaburi la babu yangu. Mwanamke mmoja peke yake hakucheka, yule aliyesema siku ya baraza kwamba watu wa kwao wanajua dawa nyingi. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Fundi, wewe una roho nzuri. Hata yule unamtetea."

Nilijaribu Jumamosi nyingine. Nilijaribu kanisani, wakati wa ushuhuda, na mchungaji akanishukuru kwa kuwachangamsha waumini. Baada ya hapo watu wakaanza kuniomba: tuambie ile ya shangazi.

Siku ya soko nikapanda tena mlima mpaka Luanda. Mama alikuwa pale pale, na mara hii alikuwa na wateja wawili wanaobishana juu ya mkungu. Nikasubiri kando.

"Umewaambia?" akaniuliza, akiwa bado anafunga mkungu kwa kamba.

"Nimewaambia."

"Wakasema nini?"

Nilitaka kutafuta neno lingine. Nilikuwa na mengi. Sijawahi kukosa maneno.

"Walicheka, mama."

Mikono yake ikasimama kwenye kamba. Akatazama upande wa barabara kwa muda, kisha akakaza fundo, akamkabidhi mteja mkungu wake.

"Sogea kidogo, fundi," akasema. "Umezibia watu ndizi."